Mawakala wa forodha na waagizaji: nyaraka za mzigo mnazitunzaje kontena likishatoka?

Karani wa Kurasini

Wadau wa bandarini, habari za kazi.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikipita ofisi za wenzangu, kuanzia Posta mpaka huku Kurasini, nakuta hali ileile. Mzigo ukiwa njiani kila mtu anajua karatasi gani iko wapi. Kontena likishavuka geti, faili linatupwa kwenye boksi, boksi linaenda stoo, na stoo ni joto, unyevu na mende. Miaka mitatu baadaye inaingia barua ya ukaguzi, ofisi nzima inavua mashati kupekua maboksi.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haina utata kwenye hili. Kifungu cha 235 kinampa ofisa wa forodha mamlaka ya kukudai vitabu, kumbukumbu na nyaraka zote zinazohusu mzigo ndani ya miaka 5 tangu uingie au utoke. Hakimtaji mwenye mali peke yake, kinamtaja na yeyote aliyezishika nyaraka hizo. Kwa hiyo na sisi mawakala tumo.

Sasa watu wakisikia "tuhamishie mafaili kwenye kompyuta", swali la kwanza huwa programu ipi. Mimi naanzia kwingine: faili litatafutwa kwa namba gani? Mteja akipiga simu anakwambia "ule mzigo wangu wa vigae". Kampuni ya meli inataja B/L, ile hati ya shehena. Bandari kavu wanataja namba ya kontena. TRA wanataja TANSAD, namba ya tamko la forodha tunaloliita kadhia. Benki wanataja kontroo namba ya malipo. Wote wanaongelea mzigo mmoja. Kama skani zako zimekaa kwenye folda za majina ya wateja, na ndani yake kuna scan0001, scan0002 mpaka kesho, hapo umehamisha stoo tu, mende ndio umewaacha.

Kwetu faili linafunguliwa siku nakala ya B/L inapotua kwenye barua pepe, kwa namba yetu wenyewe ya kazi. Zile nyingine zinajazwa kadiri zinavyozaliwa: kontena, TANSAD kadhia ikishasajiliwa, kontroo namba, D/O (agizo la kampuni ya meli la kukabidhi mzigo), namba ya kibali cha kutolea mzigo. Ukitaja yoyote kati ya hizo, faili zima linakuja. Programu isiyoweza kufanya hivyo, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani, haitusaidii.

Tunachotumia: skana inayolisha karatasi yenyewe, NAPS2 ya kuskania kwenye Windows, na Paperless-ngx ya kuhifadhia na kutafutia. Zote mbili ni za bure. Kazi ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha inafanywa na Tesseract, ambayo ilianzia kwenye kampuni ya HP miaka ya 1980 na ikafunguliwa kwa umma 2005. Seva yetu ni kompyuta ya mezani ya zamani iliyoongezewa diski na UPS. Kuna programu kubwa za kulipia kama Laserfiche, DocuWare na M-Files, sina ugomvi nazo. Kampuni yenye matawi Tunduma, Tanga na Kigoma inaweza kuzihitaji kweli.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje, hasa watu wa transiti na watu wa magari.

---

Mzee wa Manifesti

Karani mdogo wangu, marahaba, najua ulikuwa unataka kuamkia.

Mimi kazi hii nimeifanya tangu enzi za ASYCUDA++, mfumo wa zamani wa forodha, kabla huu wa TANCIS haujaingia 2014. Wakati ule tulikuwa tunabeba seti za makaratasi kwapani mpaka Long Room, ukumbi wa forodha wa kupokelea nyaraka, tunapanga foleni. Leo ukitengeneza kadhia unaambatisha ankara, B/L, pakingi listi, cheti cha ubora cha TBS, kila kitu kiko mle ndani. Sasa mimi nikanunue skana, niajiri kijana, nilishe karatasi mara ya pili kwa faida ya nani? TRA wakizitaka wafungue mfumo wao.

---

Karani wa Kurasini

Shikamoo mzee wangu, ile ya mwanzo ulijijibu mwenyewe.

Kilichomo TANCIS ni kile ulichoambatisha kuunga mkono kadhia. Mkaguzi wa baada ya mzigo kutoka, hawa tunaowaita PCA, hicho anacho tayari, amekisoma kabla hajakuandikia barua. Anakuja kutafuta kile ambacho hakimo. Ushuru unakokotolewa juu ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli mpaka bandarini. Kwa hiyo atataka hati ya benki inayoonyesha fedha zilizoenda kwa muuzaji, ankara ya nauli, hati ya bima, mkataba au oda, barua pepe mlizopatania bei, na daftari la stoo la mwagizaji. Vingi kati ya hivyo huwa hukuvipandisha siku ya kugomboa. Fedha zilizotumwa zikizidi ankara iliyotangazwa, unajua mwenyewe kinachofuata. Lakini hata zikilingana mpaka senti, hati ya benki isipoonekana mteja wako anaulizwa maswali yaleyale anayoulizwa aliyedanganya.

Halafu akaunti ile ni ya wakala. Leseni zetu zinaisha kila Desemba 31. Wakala asipohuisha, au akikosana na mteja wake, mwagizaji anabaki mikono mitupu huku jina lililoko kwenye barua ya ukaguzi ni la kwake.

Na kuna risiti. Fungua faili lolote la mwaka juzi, toa risiti ya EFD ya bandari kavu au karatasi ya malipo ya benki iliyotoka kwenye mashine. Ile ni karatasi ya joto, haina wino. Kwenye stoo yetu ya Kurasini nimezishika ambazo zimebaki nyeupe, unaona kivuli tu cha nembo juu na mstari wa jumla chini, tena mpaka uinamishe kwenye mwanga. Iliyokuwa imebanwa pini upande wa plastiki ndiyo imefutika zaidi. Hiyo huwezi kuisubirisha. Inaskaniwa siku ileile inapokatwa, au ukubali kwamba miaka 5 hutaifikisha.

---

Dada wa Vipuri

Habarini. Mimi si wakala, naagiza vipuri vya pikipiki, duka liko Kariakoo. Hapo kwenye akaunti ya wakala umenigusa pabaya. Wakala wangu wa zamani (simtaji) tuliachana vibaya, na nilipomwomba mafaili yangu akaniambia "nyaraka zote ulishapewa". Nilichokuwa nacho ni picha za WhatsApp, nusu zimekatwa pembeni, nyingine kidole cha mtu kimefunika tarehe. Naomba kujua, mwagizaji adai nini hasa kwa wakala, na adai lini?

---

Karani wa Kurasini

Dada, dai kabla ya kulipa salio la mwisho. Ukishalipa, simu yako inapokewa kwa zamu.

Taka faili moja la PDF kwa kila mzigo: B/L pande zote mbili, ankara, pakingi listi, cheti cha asili kama kipo, vibali vya TBS au taasisi nyingine iliyohusika, TANSAD iliyokamilika, makadirio ya kodi na risiti zake, D/O, ankara na risiti za bandari au bandari kavu, kibali cha kutolea mzigo, na hati ya kupokelea mzigo dukani kwako iliyosainiwa na dereva. Hati ya benki ya kumlipa muuzaji unayo wewe, iweke humohumo. Na picha ya WhatsApp itumwe kama dokumenti, isitumwe kama picha. Ikienda kama picha inabanwa na tarakimu ndogo zinageuka ukungu.

---

Fundi Seva

Wakuu, mimi ni fundi wa mifumo, ofisi kadhaa za mawakala hapa Dar nimezifungia vitu vya namna hii. Naongeza ya kiufundi, maana humo ndimo watu wanapoumia.

Skana nyingi zinatoka kiwandani au kwa fundi zikiwa zimesetiwa nyeusi na nyeupe tupu, kwa kuwa faili linakuwa dogo. Kwa nyaraka za forodha ni balaa. Muhuri wa bluu uliogongwa kwa wino unaokaribia kukauka unatoweka kabisa. Muhuri mwekundu uliogongwa juu ya maandishi unageuka doa jeusi, na namba iliyokuwa chini yake hairudi tena. Zile nakala za waridi na za njano zilizochapwa kwa printa ya sindano ndizo mbaya kuliko zote. Wekeni rangi, nukta 300 kwa inchi, basi.

Msiogope ukubwa. A4 kwa nukta 300 ni nukta 2480 kwa 3508. Mbichi, kwa rangi, ni kama MB 26, lakini ikibanwa kwa JPEG kwa kawaida inashuka chini ya MB 1. Piga hesabu: mafaili 100 kwa mwezi, kila moja kurasa 40, kila ukurasa nusu MB, ni GB 2 kwa mwezi. Miaka 5 ni GB 120. Diski ya kawaida ya dukani inameza hiyo na inabaki na njaa. Nakala nyepesi ya kupandisha TANCIS itengenezwe kutoka kwenye hii nzito. Nimekuta ofisi zinatunza ile nyepesi na kutupa nzito, mtu akitaka kusoma namba ya sili anakodoa macho bure.

Jambo ninalolipenda zaidi ni namba za kontena. Kompyuta ikisoma picha inachanganya O na 0, S na 5, B na 8, I na 1, na karatasi ikiwa hafifu hata 8 na 3. Ila namba ya kontena imezaliwa na kinga yake. Kwa kiwango cha ISO 6346 kuna herufi 4, tarakimu 6, halafu tarakimu moja ya kuhakiki, ile unayoiona imezungushiwa kiboksi kwenye mlango wa kontena. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13 na kuendelea, zinarukwa 11, 22 na 33. Unazidisha nafasi ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyohivyo mpaka ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawa kwa 11, kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Kikibaki 10 inaandikwa 0.

Mfano, CSQU3054383. Jumla inatoka 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na mwisho imeandikwa 3. Safi. Sasa tuseme skana imeisoma ile 8 kuwa 3, ikatoa CSQU3054333. Jumla inakuwa 3625, inabaki 6, lakini mwisho bado imeandikwa 3. Mfumo unagoma hapohapo kabla namba hiyo haijasafiri kwenda kwenye D/O. Ni mistari michache ya Python, na kwenye kila ofisi ninayohudumia ndicho kitu cha kwanza ninachofunga.

Namba ya B/L haina kinga ya namna hiyo, kila kampuni ya meli ina mtindo wake. Hapo jicho la mtu lazima lipite. Na msiandike "B/L" kwenye jina la faili, Windows haikubali mkwaju, mtashinda mnanipigia simu.

Mwisho, rundo la mafaili kumi msilikate kwa mkono. Chapeni karatasi yenye msimbopau wa PATCHT, iwekeni kati ya faili na faili, lisheni rundo zima kwa mkupuo. NAPS2 na Paperless-ngx zote zinaitambua na kukata faili zenyewe. Karatasi hizo zinatumika tena na tena mpaka zichakae.

---

Kiwanja cha Magari

Fundi Seva, hiyo ya kontena ni tamu lakini sisi wa magari tunaoshusha kwenye meli za RoRo, ambazo gari linatoka kwa magurudumu yake, kontena hatulijui. Sisi ufunguo wetu ni chesisi. Na chesisi ya gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani si ile VIN ya herufi na tarakimu 17. Ni modeli, kistari, halafu namba, kwa mfano inaanza NZE121 halafu kistari halafu tarakimu zake. Haina tarakimu ya kuhakiki. Skana ikisoma 1 kuwa 7 hakuna wa kukwambia mpaka mteja akwame kwenye usajili.

Na cheti cha kulitoa gari Japani kiko kwa Kijapani, kina jedwali limebanana. Mnafanyaje?

---

Fundi Seva

Mkuu, mimi chesisi siiamini skana hata siku moja. Inasomwa mara tatu kutoka karatasi tatu tofauti: cheti cha Japani, B/L na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kompyuta inalinganisha. Zikikubaliana zote tatu inapita, ikitofautiana hata herufi moja inamsubiri mtu. Skana kukosea namna ileile kwenye karatasi tatu zenye chapa tofauti ni nadra sana.

Tesseract ina Kijapani, iongeze kwenye lugha zake. Jina la mwenye gari na anwani vikitoka vibaya achana navyo, unachotaka ni chesisi, tarehe ya usajili wa kwanza na ujazo wa injini. Tarehe iangalieni vizuri. Cheti hicho kinaweza kuwa na mwaka wa enzi ya mfalme: Heisei ya kwanza ni 1989, kwa hiyo Heisei 20 ni 2008, na Reiwa imeanza 2019. Kodi ya gari kuukuu inategemea umri, ukikosea enzi umekosea kodi.

---

Mvita Klia

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Sheria ni ileile moja, huku pia KRA wakija baada ya mzigo kutoka wanakuja na miaka mitano mkononi. Mfumo wa forodha tumetoka Simba tukaenda iCMS, vibali vinapitia mfumo wa KenTrade, na karatasi bado tunazo tele.

Lakini naona mwachanganya mambo mawili, na hapa ndipo pana pesa. Ukiskani ankara una ankara. Ukiskani B/L huna B/L. Ile ya oda, iliyotolewa seti ya asili tatu, ni hati ya umiliki. Anayeishika ndiye anayedai mzigo. Skani yake hata iwe na rangi, nukta 600 na muhuri waonekana mpaka nyuzi, ofisi ya meli haitakupa D/O kwa hiyo. Nimeona kijana wa ofisi moja hapa Moi Avenue ameskani asili, kaiingiza kwenye mashine ya kukatia karatasi, kaandika kwenye daftari "imehifadhiwa kidijitali". Mzigo ulikuwa bado uko kwenye maji. Mwenye mali alilazimika kuweka dhamana ya benki ndipo meli imwachilie.

Kwa hiyo kwenye mfumo wenu wekeni sehemu moja ya ziada: asili iko wapi, nani kaichukua, saa ngapi, na imesalimishwa lini kwa ofisi ya meli. Kama ni sea waybill (hati ya meli isiyodai asili) au imeachiliwa kwa teleksi, iandikwe hivyo, mtu asije akaanza kuitafuta karatasi ambayo haikuzaliwa.

---

Karani wa Kurasini

Mvita, hii nimeichukua nzima. Sisi asili tunazifungia kwenye kasiki na daftari lake, lakini daftari liko mbali na mfumo. Swali: B/L ya kielektroniki mmeshaanza kuziona huko?

---

Mvita Klia

Chache, ndugu yangu. Kampuni kubwa za meli za makontena zilizo ndani ya DCSA, umoja wao wa viwango vya kidijitali, zilitangaza Februari 2023 kwamba kufikia 2030 B/L zao zote ziwe za kielektroniki. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, ikaanza kutumika Septemba 20, 2023, na hiyo ni nzito kwa kuwa mikataba mingi ya meli yafuata sheria ya Kiingereza. UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, nao wana sheria ya mfano tangu 2017. Lakini B/L ya kielektroniki yataka muuzaji, benki, meli na mnunuzi wote wakubaliane mahali pa kuishikia. Mnunuzi wangu wa Gikomba hayuko huko.

Na msisahau yaliyoipata TradeLens, mfumo wa nyaraka za mizigo wa Maersk na IBM. Chanzo cha mambo yale kilikuwa huku kwetu: mwaka 2014 Maersk walifuatilia kontena moja la maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi, wakakuta limepita kwa watu na taasisi karibu 30 na mawasiliano zaidi ya 200. Wakajenga mfumo, ukazinduliwa 2018 kwa shangwe. Novemba 2022 ukatangazwa kufungwa, na mapema 2023 ukazimwa. Na wale walikuwa Maersk na IBM.

---

Fundi Seva

Hapo kwenye kuzimwa nakazia. Kabla hujalipia programu yoyote, iwe ya Ulaya au ya kijana wa Sinza, muulize muuzaji: nikiondoka leo natoka na nini? Jibu zuri ni mafaili ya PDF/A, ambayo ni kiwango cha ISO cha kuhifadhia tangu 2005, pamoja na jedwali la namba zote linalofunguka kwenye Excel. Kuna kampuni moja iliyomfungia mteja wangu mfumo ambao picha zote zilikaa kwenye umbizo lao wenyewe. Mkataba ulipoisha, kuzitoa ilikuwa ni kufungua moja moja na kuichapa upya. Alichapa kweli, karatasi zikarudi stoo.

---

Commissionnaire wa Lushi

Bandugu, jambo. Mie niko Lubumbashi, mizigo yetu inatoka Dar inapita Tunduma, Nakonde mpaka Kasumbalesa, mpakani kwetu Kongo. Huku kwetu kuna FERI, karatasi ya taarifa za mzigo ya shirika la OGEFREM, iko kwa Kifaransa, halafu DGDA, forodha yetu, wanatumia mfumo wa Sydonia. Ankara ni ya Kichina na Kiingereza, T1, hati ya transiti, ni ya kwenu Tanzania, FERI ni Kifaransa, yote ya mzigo mmoja. Mkifungua hizo programu, muweke na Kifaransa, maana naona skani kutoka Dar, mahali pa "é" kunatoka alama za ajabu na nikitafuta jina la mteja halipatikani. Na tafadhali, lori likitoka Dar, mtutumie faili siku hiyohiyo. Dereva akifika Kasumbalesa karatasi moja ikikosekana, analala hapo na demareji, malipo ya kuchelewesha kontena, inatembea.

---

Karani wa Kurasini

Karibu sana kaka. Lugha nyingine zinaongezwa kwenye mipangilio, Kifaransa ni "fra", dakika chache tu. Upande wa transiti kwetu kuna jambo moja zaidi: faili halifungwi lori likiondoka. Dhamana ya forodha inakaa wazi mpaka mzigo uthibitishwe umevuka mpaka, kwa hiyo faili la T1 lina alama nyekundu mpaka uthibitisho wa kutoka uingie humo. Kila Ijumaa tunatoa orodha ya yaliyobaki mekundu, na huo ndio ukurasa wa pekee ambao bosi wetu anausoma mwenyewe.

---

Mzee wa Manifesti

Nimewasoma wote. Hoja ya risiti nimeikubali, nimefungua droo yangu sasa hivi na siwasimulii nilichokuta.

Lakini hamjanijibu la msingi. Nani ataskani? Kila ofisi niliyoiona ikianza mambo haya ilianza kwa moto Januari. Ukirudi Aprili skana imefunikwa kitambaa, juu yake kuna chupa ya maji na gazeti. Kijana wa nyaraka anakimbizana na meli mbili, D/O inaisha muda kesho, wewe unamwambia aketi alishe karatasi? Hafanyi. Na mimi ningekuwa yeye nisingefanya.

---

Karani wa Kurasini

Hilo ni swali la haki mzee, na programu hailijibu.

Sisi tuliifunga kwenye pesa. Ankara yetu ya mwisho kwa mteja haichapwi mpaka faili lionyeshe nyaraka zote za lazima zimo. Mhasibu hana ruhusa ya kuitoa kwa mkono. Kijana akichelewesha kuskani, ofisi haijalipwa, na kila mtu anajua nani amekalia faili. Tangu hapo sijawahi kumkumbusha mtu. Mafaili ya zamani hatukuyagusa. Tulianza na mzigo uliofungua mwezi, na la zamani likitolewa stoo kwa sababu yoyote linaskaniwa kabla halijarudi. Ukisema umalize miaka mitano ya nyuma kwanza, utachoka kabla ya kufika kwenye mzigo wa leo.

Na karatasi hatuchomi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini mkaguzi au hakimu anaweza kuuliza picha hii imetoka wapi na nani aliigusa. Kwa hiyo maboksi yapo mpaka miaka itimie, ila sasa kila boksi lina namba na mfumo unajua faili liko boksi lipi.

---

Dada wa Vipuri

Swali dogo. Haya mafaili yote yana TIN yangu, bei ninazonunulia na jina la muuzaji wangu wa Guangzhou. Nani mwingine anayaona?

---

Fundi Seva

Swali kubwa hilo dada, wala si dogo. Bei yako ya Guangzhou ndiyo siri ya biashara yako, na kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakala nimeona ankara za watu zinazunguka kama mialiko ya harusi. Paperless-ngx inakubali kila mtumiaji awe na mipaka yake, hivyo kijana wa getini aone D/O na kibali cha kutolea mzigo, ankara asiione. Nakala ya akiba inayokaa nje ya ofisi isimbwe kwa nenosiri. Nyaraka zenye taarifa za watu, kama nakala za vitambulisho na pasipoti za wanaohamisha vyombo vya nyumbani, ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Muulize wakala wako mafaili yako wapi na nani ana nenosiri. Akibabaika, umeshajibiwa.

---

Kiwanja cha Magari

Fundi, ile karatasi ya PATCHT naipata wapi? Nataka kuanza na meli ya wiki hii.

---

Fundi Seva

Iko kwenye tovuti ya NAPS2, ichape kwenye karatasi nene kidogo, za rangi ya kijani ili zionekane kwenye rundo. Chapa kumi na tano, nyingine zitapotea. Halafu kabla ya kulisha vyeti vya Japani toa pini zote, na vile vyembamba viweke kwenye ganda la plastiki la skana, visije vikachanika ndani.